Sponji ya Mama Anastazia Haina Jina

Moto wa spiriti mchana hauonekani vizuri. Unaona hewa inacheza tu, kama juu ya bati wakati wa kiangazi, halafu kitu kilichokuwa mbele yako kinaanza kuwa cheusi. Mimi nilichokiona kwanza ni kitambaa cha kichwa cha Mama Anastazia. Kilikuwa cha bluu. Kikatoboka shimo, shimo likapanuka, na mwenyewe bado hajajua. Alikuwa anahangaika kuniambia nipite mlangoni na sinia la chupa.

Nje ya dirisha fundi alikuwa anachomelea nondo. Cheche zikaingia ndani. Chupa ya kwanza ikapasuka rafu ya chini, nyingine zikaitikia. Sakafu ililowa spiriti, nikateleza, nikaangukia mikono. Mama alikuwa ameshafika barazani. Watu wa mtaa wetu wa Makanyagio walimwona kwa macho yao, amesimama nje mzima, anajipigapiga kichwani kuzima kitambaa. Akageuka, akaona sipo, akarudi ndani. Alinishika kanga kiunoni, akanivuta kama mtu anavuta gunia la mahindi, akanisukumia kizingitini, na dari ikamshukia yeye.

Alifariki hospitali baada ya siku chache. Mimi nilikuwa kitanda cha jirani, mikono imefungwa bandeji kama mikate miwili. Neno la mwisho nililomsikia akisema alimuuliza nesi: "Goreti amekula?"

Goreti ndiye mimi. Nimestaafu mwaka huu kwa cheti cha daktari, maana vidole vyangu havishiki tena kibano. Nyie vijana mliopo kwenye stoo mpya mmenikuta na mikono hii, na mmekuwa wastaarabu, hamuulizi. Sasa naandika bila kuulizwa. Elimu yangu ni darasa la saba la shule ya Katumba, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe.

Nilikuja kituoni kama mfagiaji. Kituo chetu kilikuwa na ofisi mbili, ukumbi, na makumbusho madogo ambayo sisi tuliita stoo: chumba kirefu chenye rafu za chupa za viumbe vya Ziwa Tanganyika. Msiulize kwa nini viumbe vya ziwa viliwekwa Mpanda mjini, mbali na maji. Waliojenga walifuata umeme.

Siku ya kwanza Mama Anastazia alinisimamisha mlangoni, akaninusa kama mtu anayenunua samaki.

"Umepika asubuhi?"

"Ndiyo, mama."

"Kiberiti kiko wapi?"

Kilikuwa kimefungwa kwenye pindo la kanga. Nilikuwa nimekisahau. Akakichukua, akakiweka juu ya ukuta wa nje, mbali. Akaniambia, "Mwanangu, humu ndani hata ukiwa na hasira, ipoze kwanza nje." Hakucheka. Nilidhani ni mama mkali. Baadaye nikajua alikuwa anatania kwa uso mkavu, ndivyo alivyokuwa.

Yeye alikuwa Mfipa, lakini alizaliwa Karema, baba yake alihamia ziwani kuvua. Alikuwa mtunza stoo. Akaona nafagia bila kugonga miguu ya rafu, basi akaomba nibaki kwake. Ndivyo nilivyoacha ufagio.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni sponji. Wengi mnajua sponji ya kuogea au ya godoro. Hii ni kiumbe. Baharini ipo ya kila aina, na ziwani kwetu ipo pia, imegandia mawe kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Mama alinionyesha ya kwanza akaniambia huyu ni mnyama. Nikacheka. Nikamuuliza anakula nini. Akasema anakula maji. Nikamuuliza ana mdomo wapi. Akasema, "Ana midomo mingi kuliko wewe, na bado amenyamaza." Basi nikanyamaza na mimi.

Nilijifunza kazi kwa mikono. Lebo ya ndani ya chupa unaandika kwa penseli, kwa sababu wino unayeyuka kwenye spiriti na unabaki na chupa yatima. Mdomo wa chupa unapaka mafuta mazito ya kujipaka kabla ya kufunga kifuniko, ili spiriti isipumue. Chupa iliyopungua unaijua kwa rangi ya sponji kichwani, inaanza kuwa kama chai. Kila chupa ukiishika unasema jina la mahali ilikotoka, kwa sauti. Hiyo haikuwa sheria ya kituo, ilikuwa ya Mama. Alisema mtu akitamka Karema hawezi kuirudisha kwenye rafu ya Ikola. Watafiti waliokuja walituona tunaongea peke yetu, wakadhani ni ile spiriti.

Na kwa habari ya spiriti, kulikuwa na mzee mmoja wa mtaani, mlevi mpole, alikuwa anakuja dirishani kumwambia Mama kwamba wale wadudu hawahitaji kiasi chote kile, wamgawie kidogo. Mama akamjibu kwamba wadudu nao walianza kwa kidogo.

Tulikwenda Karema kuchukua sponji wakati ziwa limetulia. Mama alikuwa mtu mzima tayari, lakini alivaa miwani ya maji na kuzama karibu na mawe kama msichana. Akitoka, mikono inamwasha, kwa sababu sponji imejaa vijisindano vya kioo, vidogo kuliko jicho linavyoona. Vijisindano hivyo ndivyo watafiti walivyovitumia zamani kutenganisha aina. Unachemsha kipande kwenye dawa kali, nyama inaisha, sindano zinabaki, unaziangalia kwa hadubini. Shida ni kwamba sponji haina adabu. Ikikaa penye mawimbi inalala bapa, ikikaa pametulia inainuka vidole. Ndugu wawili wa tumbo moja unaweza kuwaita majina mawili, na wasiojuana ukawaita jina moja.

Kwa hilo ndipo akaja Dakta Yusta. Alikuwa msichana mwembamba kutoka chuo kikuu, anasikiliza kuliko anavyosema. Alitueleza kwamba atasoma vinasaba vya sponji, hiyo DNA, kutoka kwenye sampuli za zamani za kwenye chupa. Nikamuuliza kwa nini asichukue mbichi ziwani. Akasema mbichi atachukua pia, lakini jina lilipewa sampuli ya kwanza kabisa, ile iliyokuja kuelezwa na kuandikwa. Hiyo ndiyo mama wa jina. Ukitaka kujua mbichi ni ya ukoo gani, lazima uifananishe na yule mama. Kama mama amekufa bila kuacha vinasaba, mnabaki mnabishana kwa sura.

Habari ilifika gengeni. Mjini kwetu DNA ni ya kesi moja tu, ya baba wa mtoto. Mama mpika chai wa ng'ambo ya barabara akatupokea na maandazi, akauliza eti sponji gani imekana mimba. Mama Anastazia akasema zote, ndiyo maana tunapima.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Unakata kipande kidogo kama punje ya mchele, unakitia kwenye kichupa cha plastiki, unafuta kibano na wembe, unakwenda kwa nyingine. Kifaa kikibeba hata unyevu wa sponji ya kwanza, ya pili inaongopa. Maabara nyingi wanachoma kibano kwenye taa ya spiriti kila mara. Dakta Yusta aliitoa taa yake begini siku ya kwanza, na Mama akaichukua mkononi kwake kwa upole, akaiweka nje, palepale nilipowekewa kiberiti changu. Akasema, "Dakta, nisamehe. Humu moto hauingii, hata wa elimu." Basi tukaosha vibano kwa dawa ya klorini, tukasuuza kwa maji yaliyochemshwa gengeni. Ilichukua muda zaidi. Dakta hakunung'unika. Hata chai Mama aliinywea gengeni, mvua ikinyesha au isinyeshe. Naomba hilo mliweke akilini.

Si sampuli zote zilizokubali. Zamani sana, kabla ya mimi, mkuu mmoja aliona spiriti ni adimu akaongeza fomalini kwenye rafu moja nzima. Alikuwa na nia njema. Fomalini inakaza mwili ukaonekana mzuri, lakini vinasaba inavikatakata. Rafu ile kwa macho ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote, na Dakta Yusta aliporudi kutoka maabara alisema haikutoa kitu. Mama alikwenda akasimama mbele ya zile chupa, akazigusa vifuniko moja moja, kama unavyogusa watoto wa shule waliofeli.

Kesi ngumu ilikuwa ya sponji ya kijani ya mawe ya Karema na nyingine ya kijivu iliyotoka maji marefu upande wa Ikola. Vijisindano vyao vinafanana. Mama ndiye aliyezileta zote mbili miaka ya nyuma, na siku zote alishikilia kwamba ni moja, ile ya chini imekosa jua tu ikapauka. Aliwaambia hivyo wageni wote. Mimi pia nilisema hivyo, kwani ningesema nini.

Vinasaba vikasema si moja. Si hata ndugu wa karibu. Ile ya kijivu ilikuwa haijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Ilikuwa imekaa kwenye rafu yetu miaka yote kwa jina la mwenzake.

Dakta Yusta aliileta habari hiyo akiwa na hofu, anazunguka maneno. Mama akamkatiza, akauliza, "Kwa hiyo nimekosea?" Dakta akasema ndiyo, mama. Mama akainua ile chupa kwenye mwanga. Machozi yakamjaa. Nikadhani ameumia. Akaiambia chupa, siyo sisi, "Mwanangu, nimekuita jina la mtu na umeitika tu. Nisamehe." Halafu akacheka mpaka akakaa chini. Sijamwona na furaha kama ile, na ilikuwa furaha ya kukosea.

Siku hiyo Dakta Yusta alisema kwamba aina mpya ikiandikwa, ataipa jina la Anastazia. Mama akamwambia aache utani. Lakini jioni tulipokuwa tunafunga aliniuliza kwa sauti ya chini, eti hayo majina ya kitaalamu, yakishaandikwa yanafutika? Nikamwambia sidhani. Akasema, "Basi watoto wangu watakuwa na kitu cha kuonyesha."

Sasa nafika kwa Bwana Leopold Msimbe. Yeye alikuwa mkuu wa kituo wakati huo. Sina maneno mengi juu ya tabia yake. Alisalimia watu, alikuja misibani. Alikuwa na ugonjwa mmoja, wageni. Wageni wakitangazwa, kituo kizima kinapakwa chokaa.

Ilitokea wezi wakavunja dirisha la stoo wakaondoka na dumu la spiriti. Mnajua kwa nini, waliiba ya kunywa; hata yule mzee wa dirishani alikasirika, akasema wamemharibia jina. Bwana Msimbe akaamua dirisha liwekwe nondo. Uamuzi mzuri. Mama mwenyewe aliutaka. Aliomba kitu kimoja: nondo zichomelewe karakana, zije zimekamilika, zifungwe ukutani kwa bolti. Au kama lazima zichomelewe palepale, basi chupa zote zihamie ukumbini kwanza. Nilikuwepo alipoomba. Bwana Msimbe akasema ukumbi umeshapambwa, wageni wanakuja, haweki wadudu kwenye meza za wageni. Kuhusu bolti akasema zinafunguliwa na spana, mwizi gani hana spana.

Fundi aliyekuja ni Shija, kijana wa Kinyamwezi mwenye karakana hukohuko mtaani. Hapa ndipo panaponiuma kwa namna yake. Mfipa na Mnyamwezi ni watani. Shija na Mama walikuwa wanatukanana tangu zamani kila wanapokutana, mpaka wasiowajua wanataka kuamua ugomvi. Alipoanza kuunga waya za mashine, Mama akatoka barazani akamwambia asiwashe, mle ndani mna spiriti, tutaungua. Shija akacheka. Akasema, "Nyie Wafipa mnaotengeneza radi, leo mnaogopa cheche?"

Mama akamwambia, "Shija, leo sitanii."

Akacheka zaidi. Kwa sababu hivyo ndivyo mtani anavyosema. Siku zote alianza hivyohivyo, kwa uso uleule mkavu, halafu ndipo linakuja tusi. Shija alikuwa anasubiri tusi. Mama alimwangalia, na nafikiri ndipo alipoona kwamba hana neno lolote la kumwambia mtu huyu akaliamini. Akamshika mkono. Hapo Shija akaacha kucheka. Akatoa simu akampigia Bwana Msimbe, akaweka sauti ya nje ili na Mama asikie.

Nilikuwa nimesimama hatua chache tu, nina sinia mkononi. Shija akasema, mkuu, huyu mama anasema ndani mna spiriti, na kuna wanawake wawili wanafanya kazi humo ndani, nisubiri waitoe? Bwana Msimbe akajibu. Nimeishi na jibu lake kila siku. Alisema: "Huyo mama ana maneno mengi. Wafunge pazia. Wewe piga kazi."

Pazia. Sisi tukaloweka blanketi, tukalitundika dirishani, tukaanza kukimbiza chupa nje kwa sinia, za dirishani kwanza. Blanketi lilizuia cheche kwa muda. Mengine nimeshayaeleza.

Mazishi yalikuwa Karema. Shija alikuja. Mtani msibani ana kazi yake, anamwigiza marehemu, anadai kaburi ni fupi, anawachekesha wafiwa. Watu walimngojea. Yeye alikaa chini pembeni, kofia mkononi, hakusema neno mpaka watu wakaondoka. Mimi sikuwepo, nilikuwa hospitali. Nimesimuliwa na mwanae mkubwa wa Mama, na aliposimulia hapo ndipo alipolia.

Bwana Msimbe pia alikuja, na rambirambi nzuri. Halafu akaita kikao cha wafanyakazi. Nilikwenda na bandeji zangu. Akasimama, akasema kwa masikitiko makubwa kwamba uchunguzi wa kituo umeona chanzo ni jiko la mafuta ya taa, ambalo mtunza stoo alikuwa analitumia kuchemshia chai ndani ya stoo kinyume cha taratibu. Chai. Ndani. Mama Anastazia.

Nikainuka nikasema kuna simu ilipigwa. Akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema, "Dada Goreti bado ana mshtuko. Tumwombee." Wakaniombea. Wenzangu niliokunywa nao chai gengeni miaka yote, pamoja na Mama, waliinamisha vichwa wakaniombea. Siwataji, wengine bado wapo kazini na wanasomesha. Wanajijua.

Shija alihama mji. Nasikia yuko Tabora, hachomelei tena, anauza mbao.

Dakta Yusta alirudi. Chupa ya ile ya kijivu iliungua na nyingine zote, lakini vile vipande kama punje za mchele vilikuwa salama maabara, vinasaba vimeshasomwa. Akakodi mtumbwi Ikola, akalipa wapiga mbizi wakazama mpaka akapata nyingine mbichi, akaipima, ikaitika kwa damu moja na ile ya kwanza. Nilikuwa naye. Sikuweza kushika chupa, lakini nilitamka jina la mahali kwa sauti, naye akaandika kwa penseli.

Alipotaka kuandika jina, kituo kikakataa. Sampuli ni ya kituo na mkuu alikuwa na sahihi yake kwenye kazi ile. Bwana Msimbe alimwambia kwamba haiwezekani makumbusho kumtukuza aliyeyachoma. Dakta akasema basi hatatoa jina jingine. Kwa hiyo mpaka leo ile sponji inaitwa kwa namba. Nyie mnaipita kila asubuhi, iko rafu ya kwanza kulia, na kifuniko chake kinapumua, kipakeni mafuta.

Mimi nimeshamaliza kazi. Sitafuti kulipwa mikono. Bwana Leopold Msimbe amehamia mkoa mwingine, kwenye kiti kikubwa zaidi, na najua haya atayasoma, kwa sababu nimeomba yabandikwe mlangoni na nimempelekea nakala.

Bwana Msimbe, watoto wa Mama Anastazia ni watu wazima sasa. Wameambiwa na mkuu wa kituo kwamba mama yao alijiunguza kwa chai. Njoo Mpanda. Njoo mchana, usimame mbele yao, na mimi nitakuwepo, na Shija nitamfuata Tabora mwenyewe nimlete. Hatutakuuliza mengi. Fundi alikupigia simu akakuambia kuna wanawake wawili ndani. Ulimjibu nini?